Misumari Chini ya Meza ya Jolie

Papa, Mama, na kaka mkubwa, yaya Ngabo,

Sombe, yale majani ya muhogo, iko jikoni, imefunikwa. Msiweke sufuria juu ya meza. Hata msiiguse kwanza.

Asubuhi meza ilipolia paa! nyumba nzima ililala chini kwa kudhani ni risasi. Mama akaita jina la Yesu. Papa, kifua kikiwa bado sakafuni, akauliza: «Ule kitinda mimba iko wapi?»

Kitinda mimba alikuwa chini ya kitanda, akijificha kama wengine. Kweli, siku ya Pasaka alipasua puto nyuma ya pasteri. Lakini leo amehukumiwa bila shahidi, na mbele ya dada Jolie Papa akamkataza kuwapokea wakwe wanaokuja leo kwa sherehe yake.

Basi mshitakiwa alipiga magoti, si kuomba msamaha, bali kuchungulia chini ya meza. Papa alipoitengeneza alishikilia ubao wa juu kwa vipande vidogo vya mbao vinavyoteleza, ili upate nafasi ya kusinyaa kiangazi na kuvimba masika. Yaya Ngabo, kwa kuogopa wakwe wasione ubao ukicheza, ameupigilia misumari pande zote. Ubao ulitaka kusinyaa, ukazuiwa, ukapasuka.

Yaya, ng'oa misumari kwa mkono wako. Kitambaa cha Mama kitafunika ufa.

~~Kitinda mimba hatarudi.~~

Kitinda mimba yuko Mulongwe kwa Shangazi Élisabeth, na kitenge cha sherehe amekwisha kukivaa. Papa aje kumwita mwenyewe, kabla wakwe hawajafika.

Kitinda mimba wenu