Mgomba Tuliouzika Mugango

Mugango, Musoma Vijijini
Mwishoni mwa Machi

Dada yangu mpendwa Eunice,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeanza kurudiwa na nguvu baada ya kujifungua, mtoto ananyonya vizuri, na shemeji ameacha kuogopa kumbeba. Sisi huku tu wazima wa mwili. Zaidi ya hapo sitasema, kwa kuwa sipendi salamu iwe uongo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza mambo kabla sijayapanga, na haya yanahitaji kupangwa.

Jumamosi tulimzika mdogo wetu Felisian, bila Felisian. Wazee walikubaliana kwamba, maadamu mwili umebaki chini ya theluji huko Norwe na hautafikiwa mpaka theluji iyeyuke, uzikwe mgomba mahali pake, kama walivyofanyiwa waliozama ziwani wasionekane. Mgomba sharti utoke kwa wajomba, hivyo nilikwenda Butiama kwa mjomba Stanislausi. Aliuchagua mwenyewe, akaulinganisha na bega langu, akasema Felisian alinipita kidogo, akakata juu zaidi. Tuliulaza kwenye gari, tukaufunika shuka. Njiani askari wa barabarani alitaka kujua tumebeba nini. Mjomba alimjibu kwamba tumembeba mtoto wetu. Askari alivua kofia, akaturuhusu kupita.

Watu walikuja wengi. Muzamil, yule anayeuza makoti ya mitumba Bunda, alikaa nami nyuma ya nyumba. Alikumbuka kwamba Felisian alipokuja kununua koti la safari alimtania, akimwambia kwamba Wajita walikuwaga wanakimbia mvua, sasa yeye anapanda ndege kuifuata baridi. Felisian akamjibu kwamba atamletea kipande cha barafu, akiuze kwa kupima. Muzamil alicheka alipokuwa akisimulia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama koti ndilo lililomwangusha. Nilimhakikishia kuwa koti lilikuwa zuri. Sidhani kama aliniamini.

Wewe ulisikia habari hizi vipande vipande, basi nizieleze kwa mfuatano. Unajua kwamba Felisian alitaka kuacha kazi ya kuongoza watalii Serengeti, ajifunze kuongoza watu milimani wakati wa baridi. Nilimwalika kwangu Norwe, chuoni ninakofundisha, na mwezi wa pili tukapanda pamoja, kila mmoja na begi lake mgongoni, hema na chakula. Njia za kule majira hayo hazionekani. Huchomekwa fito katika theluji, nawe unatoka ufito mmoja kwenda mwingine. Alifurahi kama mtoto. Alisema theluji ikikanyagwa hulia kama unga wa muhogo unapobanwa ndani ya gunia.

Siku ya pili upepo ulibadilika. Niliteleza kwenye barafu, goti likaumia, nikashindwa kusimama. Simu hazikushika mtandao. Tulipiga hema, akaamua kurudi kwenye kibanda cha wasafiri tulikokuwa tumelala, akalete watu. Alinifunika vizuri, akanichemshia chai, akaniambia nisijifanye profesa, nisinzie. Baadaye theluji ilianza kupeperuka hata sikuuona mkono wangu nje ya hema. Hakufika kibandani. Mimi niliokotwa na wapita njia wengine kesho yake.

Waokoaji walifuata nyayo zake kabla hazijafukiwa. Zilifika kwenye ufito mmoja, zikaacha njia, zikateremka mpaka kwenye kijito na kukifuata hadi kinapoingia katika korongo jembamba. Huko theluji ya kingo za juu ilikuwa imeporomoka ikalijaza korongo lote. Kiongozi wao alinieleza kwamba hazikuwa nyayo za mtu aliyechanganyikiwa. Hazikuzunguka wala kusitasita. Zilikuwa za mtu anayejua aendako, naye hakuelewa kwa nini.

Mimi nilielewa palepale. Nawe, ukikumbuka tulivyochunga mbuzi upande wa Bugwema, umeshaelewa. Baba alitufundisha kwamba tukipotea tusihangaike, tutafute kijito, tushuke nacho, kwa kuwa maji yote ya huku mwisho wake ni ziwani, na ziwani hatukosi watu. Fito zilipopotea machoni mwake, Felisian alifanya hivyo. Katika milima ile wakati wa baridi, maji hupita pale theluji inapolundikana na kuporomoka. Kanuni ile ile iliyotulinda sisi ndiyo iliyompeleka.

Tangu nirudi, Baba aliniuliza kila asubuhi kwa nini mwanawe aliacha njia. Nilimjibu kwamba haijulikani. Nilidhani ningeweza kuendelea hivyo. Jumapili, kaburi likiwa bado bichi, alikaa pembeni yangu akasema kwamba anachoogopa ni kimoja tu, kuwa mtoto alikufa akiwa amechanganyikiwa na hofu. Hapo, dada, nikamwambia ukweli wote. Nilijiaminisha kwamba ukweli huo ungemfariji, kwa sababu ulikuwa jibu sahihi la swali lake.

Kisha aliuliza kama kile kijito mwishowe kinafika ziwani. Nikasema kinafika. Akauliza kama kwenye ziwa hilo kuna watu. Nikasema wapo, kuna kijiji kizima, na kutoka korongoni taa zake huonekana. Sikuombwa kutaja taa.

Tangu hapo Baba hajaniuliza tena jambo lolote. Hasemi kwamba ana hasira. Chakula anakula ninapomwekea, na nikitoka humsikia akizungumza kawaida na majirani, lakini nikiingia hunyamaza, anatazama chini kama mtu aliyekosa. Nakuomba umpigie simu. Usimfariji, wala usiseme kwamba nimekwambia. Muulize mtoto wako apewe jina gani, muulize dagaa zinauzwaje, muulize chochote anachoweza kujibu.

Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mjomba Stanislausi anakusalimu sana. Baba sikumwambia kwamba naandika, hivyo salamu zake sina.

Mdogo wako,
Clementi