Masanduku ya Mifupa

Lodwar, Machi 1956

Dada Aoko,

Salamu kwako na kwa watoto hapo Ruiru. Nimefurahi kusikia mbuzi amezaa.

Mumeo Ouma yu hai. Aliumwa na nyoka huko makorongoni tulikokuwa tukichimba mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Mimi dereva nikawasha lori nimpeleke hospitali. Bwana, yule Mzungu tuliyemfanyia kazi, akasema, "Were, peleka masanduku ya mifupa kwanza, mvua inakuja. Ouma atangoja safari ya pili."

Hasira zilinipanda, dada. Niliyatupa masanduku chini, nikamlaza Ouma nyuma, nikaondoka. Barabara ile ni mawe na mashimo matupu, na kila lori liliporuka alilia kama mtoto. Tulifika jioni.

Mguu unapona, lakini tumefukuzwa kazi sote wawili. Hilo haliniumi. Jana Ouma aliniambia, "Shemeji, ungemtii Bwana. Sasa tutakula nini?" Anataka nirudi nikaombe msamaha. Nilitoka nje nisije nikampiga mgonjwa.

Mwandikie wewe. Mimi naye hatusemezani.

Ni mimi ndugu yako, bado nina hasira,
Were