Mbuyi anaenda kuona Mbuyi

Leo siku ya tatu tangu niitwe. Mvua tangu asubuyi, na roho yangu imelowa kuliko shati.

Mi niko na myaka sabini na tatu. Nilizika bibi wawili. Nilipita kapita, nyapara ya bazungu, na fimbo yao, nilipita vita, nilipita vumbi ya mugodi yenye ilimaliza barafiki yangu bote. Hakuna kitu ilinishinda. Kalamu naishika kama nyundo, lakini naandika mwenyewe.

Leo karatasi imenishinda.

Juzi Tata Saidi, mwenye kamio, lori ya samaki, alisimama mbele ya nyumba yangu hapa Kapata. Hata motere hakuzima. "Tata, ndugu yako Mbuyi ni mugonjwa sana. Anasema, Kabanga akuye mbio kama anataka kunikuta."

Nilimujibu: "Mbuyi ni mi."

"Ah, Tata! Hata leo?"

Hata leo. Sisi ni mapacha. Kwetu, Baluba ba Kasai, mapacha habatafutiwi jina: wa kwanza kutoka ni Mbuyi, wa nyuma ni Kabanga. Banasema mi nilitoka nyuma. Bongo, uongo mutupu! Mukunga mwenye kutuzalisha alikuwa muzee, macho ilikufa, alituogesha mu beseni moja akatuchanganya. Mi njo nilikuwa na nguvu. Mwenye nguvu atangoja nyuma ya nani?

Basi wakati Serikali ilisema majina ya bazungu iishe, kila mutu aitwe citoyen, mwananchi, na achukue ya bankambo, babu zetu, niliacha Yosefu, nikaandikisha jina yangu ya kweli: Mbuyi Ilunga. Ilunga ni baba. Ndugu yangu naye, kule ng'ambo ya Lualaba kwenye analima, akaandikisha Mbuyi Ilunga.

Siku hizi hakuna mutu anapanda bac, pantoni ya kuvuka muto, bila karte ya kitambulisho na feuille de route, ile ruhusa ya safari. Jana nilienda kuiomba kwa ofisi ya zone. Mukarani alipiga mashini: Mbuyi Ilunga anaenda kuona ndugu yake Mbuyi Ilunga, mugonjwa. Akagonga muhuri muzuri. Niliibeba kama medali.

Asubuyi, pale kivukoni, soda, askari wa kulinda bac, aliisoma. Akaisoma tena.

"Citoyen, mugonjwa ni nani?"

"Mbuyi Ilunga."

"Na wewe?"

"Mbuyi Ilunga."

"Basi mugonjwa anatembea muzuri. Rudi ukalale."

Batu bote ba mustari balicheka. Mama Ngalula, mwenye kuuza mihogo pale kando, alinisaidia kusema: "Chef, ni mapacha! Huyu ni Kabanga!"

"Kabanga? Karte inasema Mbuyi. Kumbe hata jina ni ya kuiba?"

Nikakasirika. Nikamwambia: "Ile kamba ya chuma yenye kushika bac, mi njo niliivuta na hii mikono, baba yako hajaoa!"

"Aksanti kwa kazi, citoyen. Toka mu mustari."

Bac ikafika. Muvushaji, Tata Kalenga, aliniona, akaachilia kamba. "Yesu! Tata Mbuyi! Jana tulikuacha unashindwa kumeza maji!"

Nilifurahi. Nilisema, sasa uso yangu imenishuhudia.

Soda alifurahi kunipita. "Munaona? Amepona!"

Tata Kalenga njo akaelewa. Alitoa kofia, akanisogelea, sauti chini. "Muzee, kama ni ndugu yako, usikawie. Kila mutu akiingia mu nyumba, mugonjwa anageuza kichwa kuangalia kama ni wewe."

Bac ikaondoka. Batu, magunia, mbuzi ya mutu mmoja.

Mbuzi haina karte. Mbuzi ilivuka.

Nilibaki kusimama. Nyumba ya ndugu yangu haionekani kutoka pale, ni mbali nyuma ya majani, lakini nilitazama tu. Mama Ngalula akaniambia: "Tata, kubali wewe ni Kabanga. Jina haiumi." Nikakunja ile karatasi yenye muhuri, nikaitia mu mufuko.

Nikarudi kwa ofisi ya zone, nguo inachuruzika maji. Mulango ilikuwa ingali wazi. Shajara, sasa sikiliza, maana hii hata bibi zangu hawakuisikia kwa kinywa yangu. Nilimwambia mukarani: "Andika Kabanga. Nilitoka nyuma. Andika hivyo, mbio."

Alinitazama kwa huruma, ni kweli. Hakucheka. Alisema: "Sawa, muzee. Lakini kubadilisha karte inaomba shahidi wa familia. Lete ndugu yako mukubwa."

Sasa niko mu kiti, viatu ingali na matope ya kivukoni. Mabati inalia na mvua. Kila upepo ukisukuma mulango, nageuza kichwa.

Mutu asiposadiki haya, aulize Tata Saidi wa kamio. Aulize Mama Ngalula. Aulize Tata Kalenga wa bac, yeye aliona sura zetu zote mbili. Lakini ile ya nani alitoka mbele, bazazi balikufa, mukunga alikufa. Amebaki mmoja wa kuulizwa, ndugu yangu mukubwa.

Yuko ng'ambo.