Nimeulizwa Nitakula Nini

Shoga, nimeaibika, natamani kujitosa baharini!

Si unaijua hii safari ya meli ya starehe, mume wangu kaiimba mwaka mzima? Leo mezani, mbele ya wageni, mhudumu kaniuliza, "Na wewe mama, utakula nini?"

Mdomo ukanitangulia: "Usijisumbue, nitamalizia watakachobakisha watoto."

WATAKACHOBAKISHA WATOTO! Na watoto tumewaacha kwa bibi yao!

Mume wangu kaikodolea macho sahani yake.

Mhudumu wala hakucheka. Akarudia taratibu, "Wewe unapenda nini?"

Nikaangua kilio, shoga. Sasa nimejifungia chooni.

Kumbe ndiyo maana watu wanazipenda hizi meli. Unaulizwa.

Wewe umenijua tangu utotoni. Hebu nikumbushe, mimi nilikuwa napenda nini?