Fahali wa Moto Uliyempa Jina la Baba

Mdogo wangu Shabani, uliye mbali,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nimeusikiliza jikoni, nimeusikiliza kazini maabara nikisubiri damu ikauke kwenye kioo. Unasema: "Dada, iko fundi mumoja huku, mutu mupole sana, anafufua kaseti za gemu za zamani. Ile siku betri zilikufa tu, lakini vitu viko ndani. Baba iko ndani. We mupe Mama Rukiya ile kaseti, anakuja huku Alhamisi." Halafu unacheka kile kicheko chako cha utotoni, ambacho sijakisikia tangu ulipopanda ndege kwenda Ubelgiji.

Mara tatu nimejaribu kukujibu kwa siri, na mara tatu nimefuta. Ndiyo maana naandika barua hii wazi, jamaa na majirani wa mtaa wetu wa Buyenzi waisome nao, nisipate tena nafasi ya kufuta. Wasiotujua wanivumilie. Wewe nitakukumbusha, wao nitawaeleza.

Unakumbuka ile mashine ya mchezo ilivyoingia nyumbani? Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alikwenda mtaa wa Kinanira kumtengenezea geti mzungu mmoja aliyekuwa anahama, akaikuta kwenye takataka. Springi ya kushikia betri ilikuwa imekatika. Baba, mtu aliyezoea kuunga mabodi ya malori, alikaa jioni nzima na kitu kidogo cha kuingia mfukoni, ulimi nje, anatukana polepole ili bibi asisikie. Ilipowaka uliruka hadi ukamwaga chai. Ilikuwa na kaseti moja tu, ya ule mchezo wa kukamata wanyama wa ajabu: unazunguka na sita wako, unawalea, unawapiganisha na wa wengine. Maandishi yote yalikuwa Kifaransa na wewe ulikuwa bado unasoma kwa kidole, kwa hiyo msomaji wako nilikuwa mimi.

Na ndani ya mchezo huo, kila mtoto wa avenue yetu alijua, alikuwemo mmoja asiye na wa pili. Fahali wa moto, mwenye pembe ndefu kama za ng'ombe wa fahari, amelala ndani ya mlima unaotoa moshi. Ukimzidishia kipigo akafa, basi, hazaliwi mwingine. Wewe ulimwogopa kwa miezi. Ulikuwa unafika kwenye mlango wa pango, unageuza, unasema betri zimepungua.

Kisha baba akafa. Kifua, siku nne, kwisha. Wanaume walimbeba, na wewe wa miaka tisa ukaenda nao umeshikwa mkono na baba mdogo. Ulirudi na udongo kwenye kucha. Mimi wa miaka kumi na minne nilibaki uani na wanawake, kama ilivyo desturi yetu, nikichambua mchele bila kuuona. Nilikuuliza, "Umemuambia nini?" Ukajibu, "Nilitupa udongo mara tatu. Basi." Nilikuonea wivu siku nyingi kwa ule udongo.

Wiki ile ile uliingia pangoni. Ulipigana na yule fahali asubuhi nzima, umejibanza nyuma ya pipa la maji, na ulipomkamata hukupiga kelele. Mashine ilipouliza umpe jina gani, hukuniita nikusomee. Uliandika mwenyewe: BABA. Nikakuuliza kwa nini. Ukaniangalia kama mjinga, ukasema, "Si na yeye alikuwa anachoma vyuma?"

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na baba tena. "Baba, choma!" "Baba amechoka, mumuache apumuzike." Mama alikuwa ndani, kwenye eda, haonekani ila wakati wa chakula. Siku moja ukapiga ukelele, "Baba amezimia!" naye akatoka mbio, mtandio nusu kichwani, mkeka wa sala umemnasa mguuni. Akasimama mlangoni akakiangalia kile kioo kidogo mkononi mwako. Hakukugombeza. Alirudi ndani nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilianza.

Bibi ndiye hakucheka. "Mutu amekufa haitwi-itwi hivyo," alisema. "Utaita mufu, kitu ingine itaitika."

Arobaini ya baba ilikuwa bado haijafika wakati homa ilipokushika. Malaria, kama kila mtoto wa mji huu. Mimi na bibi tulikubeba hadi kwenye zahanati, wakakupa kwinini, tukakurudisha. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, ulikuwa bado unawaka, na kitambaa cha maji kilikauka kwenye paji lako kabla sijarudi na kingine. Mashine hukutaka kuiachia. Ulikuwa unaongea macho wazi na hutuoni: "Baba, mi nakuja. Ningojee. Kule iko moto?"

Bibi aliweka tasbihi chini.

"Umesikia?"

"Ni homa, bibi."

"Majini wameumbwa na moto. Iko mu Kurani, si mi nasema. Huyu wa moto amechukua jina ya mufu, sasa iko anavuta mutoto."

Nilikunyang'anya mashine nikataka kuipiga chini uani. Bibi akanishika mkono. Wewe unamjua bibi yetu: nusu ya Buyenzi ilikuwa imepita kwenye ubani wake, na alikuwa na adabu zake ambazo hazivunjwi. Jini hapigwi, hatukanwi, habomolewi nyumba. Anaagwa kwa heshima, kama mgeni aliyekaa kupita kiasi, na unamwita jina lake.

"Ukimubomolea nyumba atahamia kwa mutoto," akasema. "Iko namna ya kumuaga mule ndani?"

Ilikuwepo, Shabani. Nilijua kwa sababu wewe ndiye uliyenionyesha. Mnyama usiyemtaka tena unamfungulia, anakwenda zake porini, harudi.

"Iko," nikasema.

"Basi muage. Muite na jina yake."

Nilikaa chini kando ya godoro lako. Mashine iliuliza, *Relâcher BABA ?*, yaani, umfungulie? Nikabonyeza ndiyo. Fahali akaanza kupungua, akapungua, zikabaki pembe, zikaisha nazo. Kisha yakatokea maneno: *Au revoir, BABA.* Mimi nilikuwa sijamuaga baba yangu. Alipelekwa nikiwa na ungo wa mchele mikononi, na hakuna aliyeniuliza kama nataka. Sasa nilikuwa nimeamriwa nimuage, na maneno nimewekewa tayari mbele yangu. Nikayasema kwa sauti, kwa Kiswahili: "Kwaheri, baba." Bibi akaitika amina, akidhani nafanya kazi yake.

Kabla ya adhana ya alasiri jasho lilikutoka. Kwanza kwenye mdomo wa juu, kisha shingoni, kisha godoro zima likalowa. Ulilala usingizi wa kweli, na ulipoamka uliomba uji.

Siku mbili baadaye ukaiwasha mashine. "Dada, Baba iko wapi?" Nikakuambia betri zilikufa ulipokuwa umelala, zikamfuta. Uliniamini pale pale, maana kila kilichoandikwa kwenye kile kioo ulikuwa umekijua kupitia mdomo wangu. Ukarudi kwenye ule mlima kumtafuta. Pango tupu lilikuwa na muziki wake, sauti tatu nzito zinazojirudia, na kwa miezi nilizisikia kupitia ukutani, nikajua umesimama humo na hutembei. Hata sasa zinanijia. Friji ya maabara ikianza kunguruma nazisikia zote tatu kwa mpangilio wake, na inanibidi nitoke nje kidogo.

Kazi yangu unaijua: natazama damu za watoto wenye homa kwenye darubini. Kwinini inafanya nini na kwa muda gani, nimesomea, na naweza kukueleza vizuri kabisa kwa nini homa yako ilishuka siku ile ya tatu. Lakini mama akiingia na mtoto anayewaka mgongoni, kabla sijamtazama uso namtazama mikono, nione ameshika nini. Mwenzangu wa kazi amenigundua. "We, hawa watoto unawakagua kama polisi," anasema. Nacheka naye, na mtoto anayefuata namkagua vile vile.

Baada ya ujumbe wako niliitoa kaseti kabatini, nikainunulia mashine betri mpya. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba iwe imekufa. Kama kila kitu kingekuwa kimefutika, uongo wangu ungekuwa kweli, na huyo fundi wako mpole angekupa pole badala yangu. Ikawaka. Jina lako limo. Saa zote ulizocheza zimo. Wanyama watano wamo, wazima, na nafasi moja tupu. Fundi yeyote akiifungua ataona kwamba betri haikula chochote. Mtu alimfungulia.

Kwa hiyo Jumapili niliichukua kwenye mkoba hadi Kajaga, niitupe ziwani. Nilisimama pale wanapoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nimeibana kaseti kwenye kiganja, hadi mama mmoja mwenye mizani akaniuliza, "Unanunua ao unaangalia tu?" Nikanunua. Nikarudi na ndagala na kaseti. Ndagala zenyewe zilikuwa mchanga mtupu, tumezila hivyo hivyo.

Ningeweza kuishia hapa. Ungejua kwamba bibi aliamuru na mimi nikatii, nawe ungesema, dada alikuwa mtoto, bibi Mungu amrehemu alikuwa mtu wa zamani, yamepita. Ungenisamehe kabla chai haijapoa. Lakini lipo jambo la pili, na hilo hakulijua hata bibi.

Homa ilipokwisha kushuka, mashine ilikuwa bado inawaka mapajani mwangu. Ile taa yake nyekundu. Nilikuwa nimemfungulia Baba, lakini mchezo ulikuwa haujahifadhiwa, na maana yake unaijua kuliko mimi. Wewe mwenyewe ulinifundisha: "Dada, ukikosea zima haraka, ukiwasha tena kila kitu kinarudi." Bibi alikuwa amekwenda kutawadha. Mama yuko chumbani mwake. Wewe umelala, umelowa, mdomo wazi. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Nikizima, utaamka umkute Baba wako, na hakuna atakayejua kwamba aliondoka. Na kama bibi amesema kweli, utaamka unawaka.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilikuwa nakitazama kifua chako kinavyopanda na kushuka. Nakumbuka nilimwomba baba, baba wa kweli aliye kaburini, asinione. Kisha nikaingia mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwenye sehemu ya kuhifadhi. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Ile ya kwanza ilikuwa ya bibi. Hii ya pili ni yangu.

Mama Rukiya atakuletea kaseti, nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo la kahawa. Usimsumbue fundi. Baba hayumo, na hakuna wa kumfufua.

Kwa uongo, Shabani, nakuomba samahani, mbele ya hawa wote wanaosoma. Ulimpoteza baba mara mbili katika miezi miwili, na mara ya pili ulilia peke yako ndani ya lile pango, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta na dawa ya kilio chako mdomoni. Hilo lilikuwa baya, na nililijua ni baya kila siku niliyolifanya.

Lakini kwa kule kubonyeza, nimejaribu kuandika samahani na haiandikiki. Nina diploma. Najua homa inavyoanza na inavyokwisha. Na bado, ukinirudisha leo kando ya godoro lile, kidole juu ya swichi na wewe umelala mdomo wazi, nitamwacha aende. Nitamuaga tena kwa jina lake, na safari hii pia sitakuamsha.

Ukishasoma, najua utakasirika. Kasirika. Ila usiniandikie hasira zako, mdogo wangu. Nipigie. Hata kama huna la kuniambia, piga tu ukae kimya kwenye simu, nisikie unavyopumua.

Ni mimi,
Dada yako