Neno Letu Lilikutangulia Ufini

Hattarvík, kisiwa cha Fugloy
14 Septemba 1931

Mpendwa mjukuu wangu Rannvá,

Hujambo, mama? Eino mumeo hajambo? Na kile kifua chako? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Anayeandika ni Marjun, mke wa tarishi. Mimi nasema tu, akikosea mlaumu yeye. Anacheka huyu.

Tangu babu yako afe nyumba imekuwa kubwa. Siku nyingine jua linazama sijasikia sauti ya mtu, naongea na sufuria.

Mwezi uliopita alikuja msomi mmoja, mwembamba huyo, anakusanya maneno ya wafugaji. Nikampa nyama yetu ya kukaushwa kwa upepo. Akakunja pua, akala. Akauliza mtoto wa kondoo tunamwitaje.

"Lamb," nikamwambia. "Kwenu mnamwitaje, askofu?" nikamtania.

Akasema Wanorwe, Wajerumani, Waingereza, wote wanasema hivyohivyo, wamelirithi kwa mababu wamoja, enzi hizo kanisa halijajengwa popote. Kabla ya hapo lilitoka wapi, hajui.

"Umesoma miaka yote hiyo hujui?"

"Sijui, bibi."

Kumbe hata huko kwako Ufini wanasema lammas. Walilichukua kwa watu wetu zamani hizo, wakamwita nalo kondoo mkubwa. Na ile s ya mwisho, anasema, sisi wenyewe tumeipoteza, wao wanayo mpaka leo. Hilo lilinikaa moyoni siku tatu.

Sasa nikwambie la maana. Nina wanakondoo watatu, masikio yao hayajakatwa alama. Ile yetu unaijua: sikio la kulia limepasuliwa, la kushoto halina ncha. Mlimani sipandi tena. Sámal wa jirani anataka wawe wake, awakate kwa alama yake.

"Shangazi, alama bila mtu ya nini?"

Nikamwambia mtu yupo, yuko Ufini.

"Basi aje ashike kisu."

Kondoo wanateremshwa tarehe kumi Oktoba. Sikulazimishi kuja. Lakini kama huji, niandikie kwa mkono wako, "Siji." Usiniache nachungulia kila boti. Hapo mimi mwenyewe nitampa Sámal kisu cha babu yako, nimesimama zizini, asije akasema alinionea huruma.

Msalimie Eino, na mama mkwe wako, na Liisa mdogo ambaye sijamshika. Mungu akufunike, uje usije.

Akupendaye na kukungoja,
Bibi yako Sunniva