Unga Mweupe Ndani ya Dawa ya Usingizi

Lubumbashi, kambini, Jumanne

Yaya Sakina, mukubwa wangu,

Amani ya Mungu iwe kwako na kwa batoto bako bote huko Kasongo. Muko bazima? Hapa mimi niko muzima, bwana yangu iko muzima, na mutoto wetu Zaina iko hai. Sikuandika kama iko muzima. Nimeandika iko hai, soma muzuri.

Nyumba za kambi ya bafanyakazi unazijua, vyumba viwili na jirani nyuma ya ukuta. Wiki ile balaa ilitufikia, bwana yangu alikuwa anafanya kazi ya usiku kule kwa tanuru la shaba, analala muchana, na nyumba yote inanyamaza. Bibi bote ba hapa banafanya vile: sufuria haigongwi, batoto banafukuzwa bakacheze mbali. Lakini mutoto wa miezi saba utamufukuza wapi, tena na mvua? Zaina alikuwa anaota meno, analia tangu asubuhi. Baba yake akaniita toka kitandani, akasema ikiendelea hivi iko siku atasinzia mbele ya moto na mimi nitabaki mujane.

Njo nikafungua kipaketi cha dawa ya usingizi ulinitumia. Juu yake uliandika kwa mukono wako mwenyewe: majani ya maracuja, mchaichai, kungumanga kidogo. Dawa ya Mama, ile tulikunywa sisi bote tukiwa badogo. Nilimupa vijiko viwili ndani ya kikombe cha maziwa. Akanyamaza. Na mimi, mupumbavu, nikafurahi! Nikaenda kupanga mustari wa posho, nikarudi na unga kichwani, iko analala. Nikasonga bukari ya ule unga, iko analala. Saa kumi nikamubeba nimunyonyeshe: kichwa kikaanguka nyuma, midomo ilikuwa rangi ya majivu.

Tulikimbia naye, bwana yangu bila viatu, mupaka kwa munganga kule mutaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Bakamuwekea hewa ya chupa, tukalala pale siku tatu. Kile kikombe nilikuwa nimekifunga ndani ya kitenge. Munganga akapitisha kidole ndani yake, chini kabisa, akanionyesha unga mweupe.

"Mama, majani haiachake unga wa hivi," akasema. "Hii ni vidonge, bamevisaga. Nani alikupa?"

Nikasema, dada yangu wa tumbo moja. Haya ilinikula mbele ya bantu.

Ulisaga nini, Yaya? Usinijibu ati ulitaka ikuwe na nguvu. Najua bale banunuzi bako ba sokoni: banataka dawa ya kuangusha muntu palepale, majani ya Mama banaona inachelewa. Basi ungeandika! Uliandika kungumanga ukaficha vidonge, ukanitumia mimi ndugu yako, na unajua niko na mutoto wa kunyonya. Mugeni angenifanyia vile ningemushitaki. Wewe nikushitaki wapi? Vile vipaketi kumi ulituma niuzie bibi ba kambi nimevitupa chooni, nikamwaga na majivu juu. Usiniulize habari yake.

Zaina akikalishwa, bado anaangukia upande mumoja. Munganga anataka jina la vidonge, uliandike bila kuficha. Na baba yake, yule alitaka kimya, sasa mutoto akinyamaza anaenda kumugusa muguu mupaka alie. Akilia, njo baba anapata kulala.

Nilitaka kumalizia hapa, nisikuandikie tena mwaka muzima. Kiisha nikasoma upya barua yako ya mwisho. Unasema Mama anashukuru dawa yako, siku hizi analala tangu magharibi mupaka adhuhuri, hasumbui muntu. Mama yetu! Yeye alikuwa anatuamusha alfajiri kwa maji ya baridi usoni, sala ile hakuikosa hata siku za malaria. Na wewe unaandika hasumbui muntu, kama vile ni habari ya furaha. Yaya, macho yako ilikuwa wapi? Nimeogopa.

Salamu kwa shemeji yangu fundi wa baiskeli, na kwa mama mukubwa mwenye kusuka mikeka. Bale habana kosa. Wewe nitakusamehe, Mungu akipenda, lakini haiko leo. Weka hii barua chini, mwaga ile dawa, muite munganga, na uende umuamushe Mama.

Ni mimi mudogo wako,
Mwajuma